Kuvuta Pikapu ya Wifi

Mwanamke aliyeendesha lori la kuvuta magari mabovu alijulikana kwa jina moja tu, Winchi, na alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, mikono mipana, na tabia ya kutoamini kitu mpaka akipime. Akinunua pazia, anapima. Akiambiwa mtoto amerefuka, anapima. Ukimwambia chai ina sukari ya kutosha, anaonja kwanza ndipo anakushukuru. Kazini tabia hiyo ilikuwa imemwokoa mara nyingi. Nyumbani ilikuwa imemchosha mume wake mara nyingi zaidi.

Asubuhi moja simu ilitoka ofisini.

"Kuna pikapu imekwama kwenye mzunguko wa barabara, karibu na soko la vitambaa," alisema mpokea simu. "Imeinuliwa."

"Imeinuliwa na nani? Kwa jeki?"

"Hapana. Imeinuliwa ya kuinuliwa. Yale magari ya kurefushwa miguu. Matairi kama mapipa."

"Urefu wake?"

"Sikuuliza."

"Matairi yote yanazunguka?"

"Sikuuliza."

"Sasa uliuliza nini?"

"Nilitaka kuuliza," alisema mpokea simu kwa unyonge, "lakini mwenye gari ni mwanamke, na yeye ndiye aliyekuwa anauliza."

Ofisi ilikuwa na magari mawili ya kazi. Moja lilikuwa la ndoano, linalonyanyua matairi mawili na kuyaacha mawili yakijivuta barabarani. Jingine lilikuwa lori lenye kitanda bapa kinachoteremka hadi chini, gari bovu likapanda lote na kutulia juu kama mgonjwa kwenye machela. Winchi alichukua la kitanda bila kufikiri mara mbili. Gari lililoinuliwa lina kichwa kizito. Ukilinyanyua pua tu, linaweza kukulalia ubavuni. Tena mengi ya aina hiyo huvuta kwa matairi yote manne. Ukiburura mawili chini, giaboksi inajisaga mpaka inabaki unga.

Aliikuta pikapu imesimama katikati ya mzunguko, rangi ya kiini cha yai, imeegemea upande wa kushoto kama mtu aliyekalia tako moja. Juu ya paa taa saba zilikuwa zimejipanga kama meno. Dirishani, mbali huko juu, kulikuwa na kichwa kidogo kilichofungwa kitambaa cha bluu.

Winchi alizima injini. Akakitazama kile kichwa. Kile kichwa nacho kikamtazama.

Alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mume wake, mwalimu mkuu wa shule ya chekechea, ambaye ukoo mzima ulimwita Mwalimu hata akiwa amelala. Urefu wake ulikuwa mita moja na nusu, na hiyo nusu yenyewe ilikuwa ya kubishaniwa. Wawili hao hawakuwa wamesemeshana kwa miaka miwili. Ilianza kwenye kikao cha familia kilichoitishwa kupanga ukarabati wa paa la mama mkwe. Mwalimu alisema mbele ya wote, "Mwanamke anayeburura magari mchana, jioni atatuburura na sisi." Winchi naye hakumeza. "Afadhali mimi naburura vyuma," alijibu. "Wengine wanaburura majina ya watu." Kuanzia siku hiyo, Mwalimu akija nyumbani alikaa kwenye kochi lile lile na Winchi na kuwaambia watoto, "Mwambieni mama yenu mlango uko wazi, vumbi linaingia." Watoto walikuwa wamezoea. Walifikisha ujumbe bila hata kuinua macho kwenye madaftari yao.

Pale barabarani watoto hawakuwepo. Alikuwepo askari wa usalama barabarani, mtu mnene mwenye filimbi, aliyekuwa anajaribu kuyapitisha magari pembeni ya ile pikapu.

"Afande," Mwalimu aliita kutoka dirishani, "muulize huyo dereva kama ana uzoefu na magari ya aina hii."

Askari akageuka. "Dada, unaulizwa kama…"

"Nimesikia. Mwambie nimevuta matrekta, nimevuta mabasi, nimevuta na gari la kuchanganya zege likiwa na zege ndani. Hii ni pikapu tu."

Askari akainua kichwa. "Anasema hii ni…"

"Nina masikio, afande. Mwambie hii si pikapu *tu*."

Askari alitazama juu, akatazama chini, akafuta jasho. "Samahani jamani. Kwani hamsikilizani?"

"Tunasikilizana sana," walijibu wote wawili kwa pamoja.

Winchi alilala chali, akajisogeza pembeni ya pikapu na kumulika tochi chini yake. Alichokiona kilimfanya apige mluzi. Kati ya ekseli na springi za nyuma, fundi aliyeiinua alikuwa ameweka vipande vya chuma, kimoja juu ya kingine, kama mtu anayetaka kubadilisha balbu akaweka ndoo juu ya kiti na kusimama juu yake. Bolti zilizovishika zilikuwa fupi, nati zimeng'ata kwa ncha tu. Upande wa kushoto moja ilikuwa imeachia, kipande cha juu kimechomoka, na ekseli imerudi nyuma mpaka tairi likaegemea bodi.

"Afande," alisema akiwa bado chini, "muulize mwenye gari ni fundi gani aliyefanya kazi hii."

Juu, kitambaa cha bluu kikarudi ndani ya dirisha.

"Fundi tu," ilijibu sauti. "Wa mjini hapa hapa."

"Basi huyo fundi wa mjini ni hatari. Bolti fupi namna hii! Mtu kama huyu hata mkewe namwonea huruma. Sijui anawezaje kulala kwenye kitanda ambacho mumewe kakaza misumari."

Mwalimu alipaliwa na kitu, akakohoa kwa muda mrefu.

Kabla ya Winchi kufika, alikuwa amekuja mvutaji mwingine, wa ndoano, akataka kufunga kamba yake kwenye bampa la mabomba yanayong'aa. Mwalimu alimfukuza kwa maneno ambayo chekechea hayafundishwi. Winchi alipoambiwa na askari alitikisa kichwa kukubali, ingawa hakutaka aonekane anakubali. Bampa la urembo hushikwa na bolti nne ndogo. Ukilivuta, unaondoka na bampa na kuliacha gari.

Akaanza kazi. Aliinua kwa jeki upande uliolala, akapanga magogo chini ya chasisi ili gari lisimwangukie mtu, kisha akairudisha ekseli karibu na mahali pake na kuifunga kwa mnyororo isije ikatembea tena. Akateremsha kitanda cha lori, akaongeza mbao mbili ndefu mwishoni ili mpando usiwe mkali. Akafunga mikanda miwili kwenye chasisi yenyewe, kushoto na kulia, na kuiunganisha na waya wa winchi, mashine ya kuvutia iliyokuwa kwenye lori.

"Afande, sasa mwambie ashuke. Mtu hakai ndani ya gari linalovutwa."

"Mwambie sishuki. Nikishuka ataikwaruza."

Askari alivua kofia, akaivaa tena. "Nyinyi ni mawifi," alisema. "Msinikatalie. Mimi nina dada wanne na mke mmoja, nawajua mawifi hata gizani. Kazi yangu ni kuongoza magari." Akapuliza filimbi, akaenda kusimama upande wa pili wa mzunguko, mbali kabisa.

Walibaki wawili. Basi moja lilipita, abiria wote wamegeuza shingo.

"Shuka," alisema Winchi.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwake kwa miaka miwili, nalo lilitoka na kutu.

"Sishuki."

"Wifi, shuka. Hii gari ikipanda pale juu, wewe utakuwa kama yai ndani ya kikombe kilichowekwa juu ya friji. Ikianguka, ofisini nitajua cha kueleza. Nyumbani nitaeleza nini? Watasema nimekuangusha makusudi."

Mwalimu alifikiri. "Kweli watasema."

"Watasema."

"Hata mimi ningesema."

Mlango ukafunguka. Kwanza kilishuka kiti cha plastiki chekundu, cha watoto wa miaka minne, kimefungwa kamba. Kikatua barabarani. Kisha kikashuka kiatu kimoja, kikakitafuta kiti, kikakipata, na nyuma yake akashuka Mwalimu mzima, mkoba begani, kidevu juu. Akaikunja ile kamba, akakipachika kiti kwapani kama mtu aliyetoka nacho dukani.

"Haya," alisema. "Vuta. Polepole."

Winchi alivuta polepole kuliko alivyoambiwa, maana angefanya hivyo hata bila kuambiwa. Waya ulijikunja kidole kwa kidole. Pikapu ilipanda, ikatikisika, ikasita kwenye ukingo, ikapanda tena. Ilipofika juu ndipo ilipoonekana ilivyo. Mtu aliyekuwa kwenye ghorofa ya kwanza ya duka la vitambaa aliipungia mkono.

Gari la kawaida Winchi angelifunga kwenye ekseli. Hili lilikuwa na springi ndefu ambazo zingecheza kwenye kila shimo na kulegeza mikanda, na ekseli moja tayari ilikuwa mgonjwa. Alilifunga kwenye matairi: mkanda mpana juu ya kila tairi, umeshikwa mbele na nyuma.

"Rimu zangu," alisema Mwalimu.

"Naweka vitambaa."

"Hivyo vina mafuta." Mwalimu alifungua mkoba, akatoa dasta nne mpya za ubaoni. "Weka hizi."

Winchi alizipokea. Zilitosha kabisa, moja kila tairi. Kisha akachomoa fimbo yake ya kupimia, akaivuta mpaka ikafika juu ya zile taa saba.

"Mita nne na sentimita hamsini na nane," alisema. "Na daraja la reli limeandikwa nne na arobaini."

"Kuna njia ya sokoni."

"Ile nyaya zake za umeme zimelegea kama kamba za kuanikia. Na ya mtoni ni mteremko wenye kona, na mzigo wenye kichwa kizito haupendi kona za mteremko. Ni darajani tu. Tunaipeleka gereji gani?"

Mwalimu alitazama pembeni. "Wewe vuka reli kwanza. Nitakuelekeza."

Walipanda. Kwenye kiti cha lori miguu ya Mwalimu haikufika chini, akaupandisha mmoja juu ya mwingine kana kwamba alikuwa amepanga hivyo. Winchi aliendesha kama mtu aliyebeba beseni la maji kichwani. Baada ya kilomita mbili aliegesha.

"Mbona unasimama?"

"Mikanda ikitikiswa kidogo ndipo inasema ukweli. Nakwenda kuisikiliza."

Mmoja ulikuwa umelegea. Aliukaza mibano miwili, akarudi. Kwenye kioo alimwona Mwalimu ametoa kichwa dirishani, anahesabu mikanda.

Darajani Winchi aliwasha taa za tahadhari na kusimama mita ishirini kabla. Alishuka na fimbo, akaenda kulipima daraja lenyewe.

"Si limeandikwa?" aliuliza Mwalimu.

"Kibao kiliandikwa kabla hawajaongeza lami. Barabara imepanda, kibao kimebaki kinajisifu." Alipima kulia, kushoto na katikati. "Pembeni ni nne na thelathini na nane. Katikati, nne na arobaini na moja. Tutapita katikati. Taa zinashuka."

"Taa zangu hazishuki. Nilizisubiri miezi mitatu."

"Wifi, chagua. Taa au paa."

Mwalimu alichagua paa, lakini alisimama chini na kuipokea ile reli ya taa, chuma kilichozishika zote saba, kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga, akailaza kwenye kiti cha lori na kuifunga mkanda. Winchi akapima tena. Nne na arobaini na nne. Bado.

"Sasa tunatoa upepo kwenye matairi ya pikapu. Yale mapipa yana hewa nyingi, tutapata sentimita saba au nane. Wewe chukua ya kushoto. Bonyeza hapa. Hesabu mpaka mia, achia, nipime."

Mwalimu alipanda kwenye kiti chake chekundu na kubonyeza. Alihesabu kwa sauti, kila namba ikipata heshima yake. Alikuwa kwenye sitini na tatu magari ya nyuma yalipoanza kupiga honi. Foleni ilikuwa imeshakunja kona. Dereva wa gari la mikate alitoa kichwa nje akaanza kuuliza kama barabara ilikuwa ya baba yao.

Mwalimu aliacha kuhesabu. Akashuka, akachukua kiti chake, akakiweka katikati ya barabara, akapanda juu.

"Nani anapiga honi?"

Hakupiga kelele. Ilikuwa sauti ya kawaida, ila ilikuwa na kitu ndani yake ambacho kiliwarudisha watu wazima wale kwenye umri wa miaka mitano.

"Nimeuliza. Nani anapiga honi?"

Dereva wa lori la mchanga aliinua mkono na kunyoosha kidole. "Ni yule wa mikate, mwalimu." Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba yule ni mwalimu.

"Wa mikate, zima injini. Na wewe wa nyuma yake. Na wewe wa kofia, usijifiche, nakuona. Gari likiwa juu ya gari jingine, tunafanya nini? Tunasubiri. Tukimaliza mtapita mmoja mmoja. Hakuna kusukumana."

Injini zikazima moja baada ya nyingine. Ukasikika upepo ukitoka kwenye matairi. Winchi, aliyekuwa amechuchumaa upande wa pili, aligundua kwamba anacheka peke yake, na kwamba asingependa mtu amwone.

Walipata sentimita nane. Mikanda nayo ikalegea, maana matairi yalikuwa yamesinyaa, na Winchi akaizunguka yote minne akiikaza upya.

"Sasa sikiliza," alimwambia Mwalimu. "Utasimama pale pembeni, mbele ya daraja, ninapokuona kwa dirisha. Usije nyuma yangu, usipite chini. Macho yako juu ya paa. Ukiinua mkono nasimama. Nisipokuona, nasimama. Na usione haya kunipigia kelele."

"Mimi?" Mwalimu alishangaa kwelikweli. "Nione haya kukupigia kelele wewe?"

Lori likaanza kutambaa. Kichwa kikaingia chini ya daraja. Winchi alishika usukani kwa ncha za vidole, jicho moja mbele na jingine kwa yule mwanamke mfupi aliyesimama kwenye ukingo, mkono chini, shingo imenyooka. Mita moja. Mbili. Mlio mwembamba ukasikika, kama kucha kwenye ubao.

"SIMAMA!"

Watu wa foleni wanasema hata wao walikanyaga breki, ingawa injini zao zilikuwa zimezimwa.

"Ni nini?"

"Ile fimbo ya redio! Antena! Inakwaruza!"

Winchi alifumba macho. Alikuwa amepima paa, amepima taa, amepima daraja sehemu tatu, na antena, kitu chembamba kama bua, hakuipima. Alishuka, akapanda kitandani mwa lori na kuifungua kwa vidole.

"Hii sikuiona," alisema, akimpa Mwalimu.

Mwalimu angeweza kusema mengi. Miaka miwili alikuwa anayaweka akiba. "Na mimi mwenyewe sikuikumbuka," alisema. "Endelea."

Walipita. Kati ya paa na daraja kulibaki nafasi ya vidole vitatu. Upande wa pili Mwalimu aliruhusu foleni ipite mmoja mmoja kama alivyoahidi, na yule wa mikate alipompita alivua kofia.

Walirudi ndani ya lori. Kisha Mwalimu akacheka kidogo puani, Winchi naye akashindwa kujizuia, na wakacheka mpaka lori likaonekana kama nalo linatikisika.

"Haya," alisema Winchi akifuta macho, "gereji gani?"

Kicheko cha Mwalimu kikaisha. Alipapasa ile reli ya taa iliyokuwa katikati yao. "Ipeleke kwa yule yule aliyeiinua."

"Wa bolti fupi? Siwezi kumrudishia mgonjwa mtu aliyemuumiza. Ni nani?"

"Ni mdogo wangu."

"Wadogo zako wako wangapi?"

"Unajua nina mmoja."

Winchi aliwasha taa ya kushoto, akaegesha, akavuta handibreki. Hata katika hasira alifuata utaratibu.

"Alhamisi," alisema. "Zile Alhamisi zote alizoniambia ana kikao cha mafundi."

"Kilikuwa kikao," alisema Mwalimu. "Cha watu wawili."

"Na kwa nini hamkuniambia?"

"Alisema ungekuja na fimbo yako ukapima."

"Ningekuja!"

"Ndiyo sababu."

Winchi alitazama mbele. Kioo kilikuwa na mdudu aliyegandia kwenye kona. "Na pale chini ya gari ulinisikia nikimwonea huruma mke wa fundi."

"Nilisikia. Na mimi nilimwonea huruma sana."

Safari hii Winchi hakucheka mara moja. Ila alipotoa handibreki, mabega yake yalikuwa yameanza kutikisika.

Gereji ya mume wake ilikuwa uwanja wa zege wenye paa la bati, mwishoni mwa mtaa wa maseremala. Fundi mwenyewe alikuwa amelala juu ya kibao chenye magurudumu, chini ya gari dogo la mteja, anapiga mluzi. Alisikia lori analolijua. Akageuza kichwa aone miguu ya mkewe, akaona miguu minne: buti mbili pana, na pembeni yake viatu viwili vidogo vya kisigino kifupi. Mluzi ukakatika. Kwa miaka miwili alikuwa ameomba viatu hivyo visimame pamoja. Sasa alitamani ombi lingechelewa angalau wiki moja.

"Toka," alisema mkewe.

"Natafuta spana."

"Iko mkononi mwako," alisema dada yake, aliyekuwa ameshachuchumaa upande wa pili.

Alitoka. Alikaa juu ya kibao chake, magoti yamekunjwa, mwanamume mzima wa miaka arobaini na mitano, akitazama huku na huku, kila upande ndugu. Winchi aliweka mbele yake ile bolti iliyoachia.

"Hii nini?"

"Bolti."

"Fupi au ndefu?"

"Inategemea inashika nini."

"Baba watoto."

"Fupi," alisema fundi. "Lakini nisikilizeni. Mara ya kwanza niliiinua vizuri, kipande kimoja, bolti zake halali. Dada akaja, akapanda, akasema ongeza kidogo. Nikaongeza. Akasema tena kidogo. Bolti za urefu ule hazikuwepo dukani."

"Ukafanyaje?"

"Nikazikaza sana."

Winchi alishusha pumzi, akamgeukia wifi yake. "Ulimwambia aongeze mara ngapi?"

"Tatu," alisema Mwalimu, kwa sauti ya mtoto aliyekutwa na rangi mikononi.

"Wifi, kwa nini? Ungejiua. Ungeua na mtu mwingine."

Mwalimu alikiweka kiti chake chini, akakikalia. Akiwa pale alikuwa mdogo zaidi, na kwa mara ya kwanza hakuonekana kujali.

"Maisha yangu yote naona migongo," alisema. "Kwenye foleni naona migongo. Kwenye harusi naona migongo. Nikihutubia wazazi, kuna mtu lazima aseme, 'Mwalimu, simama tukuone,' na mimi nimeshasimama. Gari langu la zamani, nilikuwa nasoma namba za magari ya mbele tu, naweza kukutajia zote. Siku alipoiinua hii mara ya kwanza, nikapanda, nikaona… jamani, kumbe barabara ina mwisho. Nikasema ongeza."

Fundi aliangalia mikono yake. Winchi alikwenda kwenye lori, akarudi na fimbo, akamwinua wifi yake, akampandisha kwenye kiti cha gari dogo la mteja, na kumpima kutoka chini hadi kwenye macho.

"Unachotaka kiwe juu ni macho," alisema. "Paa unalibeba bure. Kiti kinaweza kupanda sentimita sita na miguu bado ikafika kwenye breki. Na gari inashuka, kipande kimoja, bolti mpya ndefu. Sentimita saba tu."

"Kumi na tano," alisema Mwalimu.

"Nane."

"Kumi na mbili, na taa zangu zote saba."

"Taa saba sawa. Kumi, na haipandi hata unywele mmoja. Ukisema 'ongeza kidogo' nitasikia hata nikiwa kazini."

Mwalimu alitazama ile pikapu ya kiini cha yai, imekaa juu ya lori kama mfalme aliyechoka. "Kumi," alisema.

Fundi alifanya kazi siku mbili. Winchi alikagua kila bolti, na mbili alizirudisha. Alipima hata kona za kibao alicholalia fundi. Siku ya tatu pikapu ilitoka uwanjani, imenyooka, na Mwalimu ndani yake akionekana hadi mabega, akiitazama barabara mpaka inapoishia. Kwa kupanda bado alihitaji kiti, na hilo hakuna aliyelizungumza.

Wiki iliyofuata Mwalimu alipiga simu ofisini na kuagiza lori la kitanda bapa lije shuleni kwake, na dereva wake, watoto waone kazi. Winchi alikwenda. Watoto sitini walipangwa mistari miwili kwenye kivuli cha darasa, na Mwalimu akasimama mbele yao.

"Huyu," aliwaambia, "ni wifi yangu. Anavuta magari. Anapima kwanza."

Kisha akageuka, akaona gurudumu la nyuma la lori lilipopita.

"Wifi! Umekanyaga maua yangu!"

"Maua gani? Nani anapanda maua njiani?"

"Njiani? Njia iko kule!"

"Basi iandikwe! Weka kibao!"

Watoto walikodoa macho. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuona mtu akimjibu Mwalimu. Walisubiri waone atakavyofanywa. Lakini wale wawili waliendelea kupigiana kelele huku wakielekea ofisini kwa Mwalimu, bega kwa kiwiko. Mmoja alifungua mlango, mwingine akaingia, na mwalimu wa darasa la chini akatumwa alete maji ya chai ya watu wawili.